Walipokuja na Gari Kunihamisha

Wewe uliyetoka zamu sasa hivi, miguu bado inawaka moto ndani ya viatu, kaa kwanza. Vua viatu. Weka chai yako karibu. Nina habari ya kukueleza, na ni habari nzuri, ila nitaianzia mbali kidogo. Walionijua kazini hawatashangaa. Hata kutandika kitanda nilikuwa naeleza kwa hatua saba, na ya nane nilikuwa naiongeza mlangoni.

Habari yenyewe ni hii: nimestaafu. Sina mume, sina mtoto niliyemzaa, na ninaishi peke yangu kwenye apatimenti ya ghorofa ya tatu, katika jengo la watu waliovuka miaka sitini, upande wa Iroquois hapa Louisville. Ninaamka nikichoka kulala. Nina furaha mpaka naona haya kidogo. Na katika mwezi wa pili wa furaha hiyo, ndugu zangu walikuja na gari kubwa kunihamisha. Hawakuja kwa ubaya. Walikuja kwa upendo mtupu, na ndiyo maana nusura wafaulu.

Mliniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi miaka hii yote, ili iwasaidie ninyi mnaoanza. Nitaandika. Lakini mjue kwamba kazi zangu zote, tangu ya kwanza, zilikuwa zinalielekea gari lile, nami sikujua.

Kazi ya kwanza ilikuwa Buffalo. Tulifika kutoka kambi ya wakimbizi, mimi, mdogo wangu Ezekia na mkewe, na Neema, binti wa marehemu dada yetu, akiwa na miaka kumi na miwili. Tulipewa nyumba upande wa East Side, na baada ya muda nikapata kazi mahali pa kufulia mashuka ya hospitali. Asubuhi ya kwanza nilisimama kituo cha basi kwenye theluji, nikahisi labda nimekufa. Kisha nikasikia njaa, nikajua bado nipo.

Nilikuwa nimefua maisha yangu yote kwa beseni na mawe ya mto. Hapo nikakutana na mashine ya kupiga pasi ndefu kama basi, shuka linaingia huku limekunjamana na kutoka kule limenyooka. Hakuna aliyejua lugha yangu, nami sikujua yao. Nilifundishwa kwa mikono. Mwenzangu, mama mmoja kutoka Burma ambaye jina lake sikuweza kulitamka wala yeye langu, alishika pembe mbili za shuka, akanipa mbili, akanitazama usoni. Tulikunja shuka hilo mara tano. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, lakini hakuwahi kunivuta. Alinisubiri, na nilipokuwa mwepesi, nikaanza kuwasubiri wengine. Miaka miwili tulikunja pamoja bila kusemezana neno, na sijawahi kuelewana na mtu vizuri hivyo.

Sasa niwatambulishe kwa Ezekia vizuri, maana mtamwona tena. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka minne. Nilimbeba mgongoni. Lakini kwetu mlimani, tulikoishi kabla ya kambi, mwanamume akiota mvi moja anakuwa mkubwa wa kila mtu, na Ezekia aliziota mapema. Kule Buffalo alifanywa mzee wa kanisa, akazoea kuamua. Mimi nami nilizoea kukubali. Katika maisha yangu sikuwahi kumpinga Ezekia mbele za watu hata mara moja. Kumbukeni hilo.

Neema alipokua akamaliza shule, watu wakatuambia Columbus kuna maghala na kazi ni nyingi. Tukaenda wawili. Huko nilipewa skana, kifaa cha mkononi kinachosoma alama za boksi na kukuambia uende rafu gani. Kisichokuambia ni kwamba kinajua pia umesimama muda gani.

Siku ya kwanza niliingia ghalani nikawakuta watu karibu thelathini. Kwetu huwezi kuingia mahali penye watu ukaanza kazi kama mbuzi aliyeingia shambani. Unasalimu, mmoja mmoja, kwa mkono, na unauliza habari za nyumbani. Nikaanza upande wa kushoto. Nilipofika kwa mtu wa kumi na tisa, msimamizi akaja anakimbia.

"Kuna tatizo gani?" akaniuliza, na kijana wa Kitanzania aliyekuwa karibu akanitafsiria.

"Hakuna tatizo. Ninasalimu."

"Skana yako inasema umesimama dakika ishirini na mbili."

"Mwambie bado kumi na mmoja," nikamwambia Mtanzania. Sijui alitafsiri nini, lakini msimamizi alicheka, na kuanzia hapo nikawa nasalimu wakati wa mapumziko, tukiwa tumekaa.

Ghala lilinipa marafiki na likachukua magoti. Mwaka wa tatu nilikuwa napanda ngazi kwa makalio. Neema aliolewa hukohuko Columbus, na mimi nikaona hakuna haja ya kukaa chumba cha pili cha watu waliooana juzi. Mama mmoja wa kanisani alikuwa amehamia Louisville, mtaa wa Newburg, akaniambia huku kuna mafunzo ya wiki chache ya kuhudumia wazee, ukifaulu mtihani unapata kazi. Nilikuwa nimemhudumia mama yangu kambini miaka sita bila glovu wala mshahara. Nikajiambia, haya, ngoja sasa nikajue jinsi inavyofanywa.

Hapo ndipo nilipopata mwalimu. Aliitwa Miss Darlene, mzaliwa wa hapa Louisville, mwanamke mrefu, mweusi kama sisi, mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima, na kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu ujana. Jina langu, Nyarukundo, halikuenea kwenye beji. Wakaandika Ruku. Miss Darlene akaitazama beji, akanitazama mimi, akasema, "Ruku, mikono yako ni mizuri. Sasa tuyaone masikio."

Alikuwa na maana yake. Nilikuwa mwepesi wa kushika. Nikiingia chumbani, naanza: blanketi huku, soksi kule, mzee ameketi kabla hajajua ameamshwa. Alinifundisha kutaja, kusubiri, kisha kushika. Taja unachotaka kufanya. Subiri hadi mtu aonyeshe kwamba amesikia. Ndipo ushike. Nilidhani anapoteza muda hadi nilipopewa Bi Eleanor.

Bi Eleanor alikuwa mwalimu wa shule kabla kumbukumbu hazijaanza kumtoka, na siku ya kuoga alikuwa anapiga. Alipiga kwa ngumi, kwa kitana, mara moja kwa kiatu. Watu wawili walikuwa wamekwisha kuomba wasipangiwe chumba chake. Mimi niliingia na taulo mbili, ya bluu na ya njano, nikakaa kwenye kiti nikimtazama kutoka chini, nikamwambia, "Mwalimu, leo ni siku ya kuoga. Nimesahau taulo yako ni ipi." Akanitazama muda mrefu sana. Nje ya mlango kitoroli cha chakula kilipita, kikarudi. Nikasubiri. Mwisho akanyoosha kidole: ya njano. Aliyechagua taulo mwenyewe akaenda kuoga mwenyewe, akiwa ameshika mkono wangu. Haikuwa hivyo kila wiki, nisiwadanganye. Lakini kiatu sikupigwa tena.

Vifaa vya kazi hii mnavijua: glovu, mkanda mpana wa kumfunga mtu kiunoni unapomtembeza ili usimvute mkono, mashine ya kunyanyulia wale wasioweza kusimama. Lakini Miss Darlene alikithamini kifaa kimoja kuliko vyote, nacho ni kamba ya kengele. Hutoki chumbani kabla hujaivuta mwenyewe, ukaona taa imewaka juu ya mlango, ukaizima kwa kitufe cha ukutani, ukamwekea mtu kamba mkononi. Kila chumba, kila ukitoka. Alikuwa anapita nyuma yetu akikagua. Miaka kumi na minne nilivuta kamba za kengele mpaka mkono ukawa unavuta wenyewe bila kuniuliza.

Jambo moja ninalijutia. Kila Jumapili Ezekia alikuwa ananipigia simu kutoka Buffalo, nami nikamsimulia kazi. Sikumsimulia Bi Eleanor akicheka, wala yule mzee aliyenifundisha kucheza karata. Nilimsimulia yaliyoniuma. Nilimsimulia mama aliyekuwa anavaa vizuri kila Jumapili, mkoba magotini, akimngoja mwanawe ambaye hakuja. Ezekia akalia kwenye simu, mkewe akalia nyuma yake. Wiki iliyofuata wakataka nyingine. Nikawapa. Kwa hiyo wao waliijua Amerika ya wazee kwa mdomo wangu tu, na mdomo wangu ulichagua machozi.

Basi magoti yakasema imetosha, nami nikastaafu. Nikapata nafasi katika jengo hili.

Acheni nieleze taratibu, kwa sababu hata ninyi mnaofanya kazi na wazee wengi wenu mnachanganya. Hapa si mahali pale tulipofanya kazi. Hakuna muuguzi, hakuna mtu wa kuniogesha, hakuna ratiba ya kuamshwa. Nina mlango wangu na ufunguo wangu. Nina jiko. Nimesaini mkataba wa kupanga kama mpangaji yeyote. Tofauti ni kwamba majirani wote ni watu wazima, kuna lifti, vyuma vya kujishikilia bafuni, basi dogo la kutupeleka sokoni Jumanne, na ukumbi wa chini ambako watu wanacheza bingo kana kwamba wamekatazwa na daktari na hawajali.

Na mimi, jamani! Nina miaka sitini na sita na sijawahi kuwa na chumba changu. Nilizaliwa katika nyumba ya watu kumi na mmoja. Kambini tulilala saba. Buffalo nilikuwa na Neema, Columbus nilikuwa na Neema, Newburg nilipanga na mama wawili wa kanisa waliokoroma kwa zamu. Siku nilipofunga mlango huu nikiwa ndani, nilisimama katikati ya sebule nikasikia friji ikinguruma, nikasema kwa sauti, "Karibu," nikajijibu, "Asante." Nyuma ya jengo wana vitalu vya bustani. Nimepanda lengalenga, mchicha wa kwetu, na wazee wa Kimarekani wanakuja kuuliza haya ni maua gani. Nimeingia darasa la mazoezi ya majini, mimi niliyekuwa naogopa maji yanayovuka magoti. Jirani wa mlango wa mbele, Bi Peggy, mpishi wa shule aliyestaafu zamani, ndiye aliyenishika mkono kuniingiza bwawani.

Bi Peggy nilimfahamu siku ileile niliyohamia, na sababu yake ndiyo iliyoleta gari.

Mchana huo nilikuwa nimemaliza kufagia bafu. Ukutani kuna kamba nyeupe. Mnajua tayari nilichofanya. Mkono ukavuta. Kisha nikatazama juu ya mlango nione taa. Hakuna taa. Nikatafuta kitufe cha kuzimia. Hakuna kitufe. Nikajiambia, kengele mbovu hii, lazima niwaambie, nikatoka hadi mwisho wa korido kutafuta kitufe huko, nimejifunga kitenge, fagio mkononi. Wakati huo, ndani kwangu, kisanduku cha wahudumu wa kengele kilichoko chumbani kilikuwa kinaongea: "Bibi, uko salama? Bibi, unaweza kujibu?" Bibi hakuwepo. Bibi alikuwa kwenye korido anakagua ukuta.

Niliporudi nikakuta wazima moto wanne mlangoni na kitanda cha kubebea wagonjwa.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza mmoja.

"Hakuna. Mimi ndiye nimevuta. Ninajaribu kama inafanya kazi."

Wakatazamana. "Inafanya kazi, mama," akasema.

Niliona haya, nikawakaribisha chai. Mmoja alikunywa. Bi Peggy akafungua mlango wake, akawatazama wao, akanitazama mimi na fagio langu, akasema, "Mpenzi, nina miaka sita hapa. Watu huvuta hiyo wakianguka. Sijamwona aliyevuta kwa ukaguzi." Akacheka mpaka akashika ukuta, na nikajua nimepata rafiki.

Lakini kwenye fomu nilikuwa nimeandika jina la Neema kama mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Wahudumu wa kengele wakampigia. Alikuwa kazini, hakupokea, wakamwachia ujumbe kwamba nimevuta kamba na siitiki. Neema akampigia Ezekia. Nilipokuja kushika simu yangu, East Side yote ilikuwa imeanza kuomba.

"Tantine, niambie ukweli," Neema akalia, akiniita dada wa mama yake kwa Kifaransa. "Ulianguka?"

"Nilikuwa nakagua kengele."

"Nani anakagua kengele nyumbani kwake?"

Swali zuri. Jibu langu lingeaminiwa na mtu wa kazi yetu tu. Ezekia naye alipopiga, sauti ilikuwa ile ya kanisani. "Dada, usifiche. Sisi ni damu yako." Nikaeleza tena, hatua kwa hatua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mama anayeficha alama ya kuanguka mkononi.

Wiki zilipita, nikadhani yamekwisha. Kumbe familia ilikuwa inafanya mikutano kwa simu, Buffalo na Columbus, bila mimi. Alhamisi moja Neema akanipigia kwa sauti ya chini. "Tantine, wanakuja Jumamosi na gari kubwa. Wanakuhamishia Buffalo kwa tonton Ezekia. Usiseme nimekuambia."

Kwetu, mwanamke asiye na mume wala mtoto ni wa familia yote, na kitu cha familia yote hubebwa na yeyote mwenye gari. Sikukasirika. Niliogopa, na niliyemwogopa ni mimi mwenyewe. Nilimjua Ezekia, na nilijijua. Angeongea mbele za watu, ningeinamisha kichwa, na jioni ningekuwa barabarani na sufuria zangu. Nilitembea chumba kizima nikigusa vitu: friji, dirisha, funguo zikiwa kwenye msumari wake. Miezi miwili tu.

Sikuwa na mpango wowote, nisijisifu. Nilifanya ninachokijua. Wageni wanakuja, basi nikapika. Ijumaa nzima nilichemsha sombe, yale majani ya muhogo, na maharage, na nyama ya ng'ombe, na maziwa nikayagandisha tangu Alhamisi, maana watu wa milimani huwezi kuwapa kitu kingine kabla ya maziwa.

Jumamosi mchana walifika. Walikuwa wamelala Columbus kwa Neema. Hawakujua namba ya mlango wangu, kwa hiyo walibonyeza kengele zote. Nikashuka nikakuta nusu ya jengo imesimama pale chini na watu wangu saba katikati: Ezekia kwenye suti, mkewe Mariamu, wazee wawili wa kanisa, Neema akitazama sakafu, na wanaume wawili wenye mabega, ambao sikuhitaji kuuliza wamekuja kubeba nini.

Ezekia alinikumbatia, lakini macho yalikuwa yanazunguka. Alikuwa anatafuta ile nyumba niliyomsimulia. Aliona bibi wawili wanabishana kuhusu bingo na mzee mwenye kofia ya besiboli akirudi bustanini na nyanya.

"Bon, haya," akasema kwa sauti ya chini. "Dada, wagonjwa wako wapi?"

"Hapa hakuna wagonjwa."

"Donc, kumbe wamefichwa."

Tukapanda. Nilikuwa na viti viwili. Bi Peggy alipoona umati, akaleta vyake vitatu, akashuka ukumbini akarudi na vingine kwenye kitoroli cha kufulia. Walikaa, goti kwa goti. Nikawapa maziwa, kila mmoja kwa mikono miwili. Mzee wa kanisa akaombea chakula, na ndani ya maombi akamwomba Mungu amtoe mama yetu mahali hapa pa upweke, huku kiwiko chake kikiwa kwenye mbavu za jirani yake. Wakala. Waliongeza. Mariamu akaongeza mara mbili.

Kisha Ezekia akasafisha koo.

"Dada. Sisi tumekaa, tumeongea, tumeamua. Wewe huwezi kuishi hapa na watu hawakujui. Utakula nini? Nani atakupikia?"

"Hiki ulichokula kimepikwa na nani?" akauliza Mariamu. Watu wakacheka kidogo. Ezekia akampa jicho.

"Na ukiugua?"

"Nitavuta kamba," nikasema.

"Dada, hiyo kamba ndiyo imetuleta!"

Hapo wote wakacheka, hata wale wa mabega. Nilidhani kicheko kitanisaidia. Lakini Ezekia alingoja kiishe, akasema taratibu, kama mdogo wangu sasa na si kama mzee wa kanisa: "Chumba chako kiko juu, upande wa jua. Tumekipaka rangi wenyewe. Mariamu alichagua rangi ya maziwa. Ulinibeba mgongoni kutoka mlimani. Mimi nikuache hapa uje ukae na mkoba magotini Jumapili, unangoja mtu?"

Ni maneno yangu mwenyewe, niliyompa kwa simu miaka kumi na minne. Wanaume wawili walishaanza kulitazama kabati, mmoja akakunjua boksi. Neema alianza kulia. Nikajikuta nafikiria ni sufuria ipi itangulie kwenye boksi, na nikaelewa kwamba nimekwisha kukubali, bado kusema tu.

Ezekia akatazama saa. Njia ilikuwa ndefu, alitaka waondoke kabla ya saa tisa. Akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Na kwa sababu ana miaka sitini na mbili, na kwa sababu katika miaka hiyo yote hajawahi kunyanyuka kwenye nyumba aliyolishwa bila kufanya hivyo, akageuka upande wangu, akachukua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akainama.

"Dada," akasema, "tumekunywa, tumekula, tumeshiba. Tunaomba njia."

Mwenye boksi akaliweka chini.

Kwa wale msiotoka kwetu: mgeni hajiondokei. Anamwomba mwenye nyumba ampe njia, na mwenye nyumba ndiye anayeitoa, au anasema bado, kaeni kidogo. Hawaombwi wagonjwa. Hauombwi mzigo unaokuja kuubeba. Anaombwa mtu mmoja tu, mwenye pale mahali.

Mariamu ndiye aliyeanza. "Ezekia," akasema, huku mabega yanatikisika. "Umeomba njia kwa nani?"

"Mimi nilitaka kusema..."

"Ulichosema tumekisikia," akasema mzee wa kanisa mkubwa, yule wa maombi. "Imetoka. Na ukishaomba, unangoja jibu. Au hapa Amerika umeacha?"

Wote wakanigeukia. Ezekia alibaki ameshika kofia, mdomo wazi, na niliona kwenye macho yake kwamba ameona alichofanya. Mwili wake ulikuwa umejua kabla yake uko nyumbani kwa nani. Na mimi, ambaye sikuwahi kumpinga mbele za watu, sikuhitaji kumpinga. Nilihitaji kumjibu tu kama mwenye nyumba anavyomjibu mgeni. Hilo naliweza.

"Njia ninawapa," nikasema. "Nendeni na amani. Mkanisalimie nyumba yenu."

Alikaa chini kwenye kiti cha Bi Peggy akacheka mpaka akafuta macho, na nadhani hayakuwa machozi ya kicheko yote. Boksi likakunjwa. Wale wanaume wawili waliomba sombe ya njiani.

Nikawasindikiza kwa lifti hadi kwenye gari. Ezekia aliingia wa mwisho.

"Chumba hatutaweka mtu," akasema.

"Nitakuja Krismasi. Nitakaa wiki. Kisha nitakuomba njia."

"Na nisipoitoa?"

"Basi nitavuta kamba."

Akapiga honi mpaka walipokata kona, na mzee wa nyanya aliyekuwa bustanini akapunga mkono akidhani ni kwake.

Sasa nimebaki, na kila asubuhi naamka na mambo ya kufanya. Jumatatu ni majini, Jumanne ni basi la sokoni, na Bi Peggy ameanza kujifunza kusonga ugali. Anausonga kama anayegombana nao. Lakini ninyi nataka mchukue kosa langu bila kulirudia. Nilihamia, nikaeleza kwa simu, nikaeleza tena, nikafikiri maelezo yanatosha. Ezekia hangeweza kuamini nyumba ambayo hajawahi kula ndani yake. Miezi hiyo yote miwili ningeweza kumwita, na sikumwita, kwa sababu nilikuwa nangoja niwe na viti.

Kwa hiyo siku utakapopewa ufunguo wako, fanya hivi. Usianze na mapazia. Fungua boksi la jikoni, toa sufuria kubwa, wapigie ndugu zako simu, uwatajie siku na namba ya mlango. Pika. Wakishashiba, kaa kimya ungoje waombe njia.